Star Trek mpya imenikosanisha na rafiki zangu: je, tatizo ni mimi?

*"Assalamu alaykum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, nina umri wa miaka 52. Nilipokuwa kijana, marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alikuwa akitujia na kanda za video kila aliporudi safari, na katika hizo tukaipenda mno Star Trek ya kale, mfululizo wa televisheni wa safari za angani, ule wa Nahodha Kirk, Spock, Daktari McCoy na Uhura. Tulikuwa vijana wanne tuliokuwa tukiitazama nyumbani kwa mjomba, na tumekuwa marafiki mpaka leo. Juzi binti yangu, aliyemaliza chuo Mombasa, alinionyesha filamu ya mwaka 2009 iliyoianza hadithi ile upya kwa waigizaji wapya, kisha na mbili zilizofuata. Nilikasirika hata usingizi ukanipaa. Kirk wamemfanya mhuni, Spock analia na kumbusu Uhura, Vulcan, sayari ya Spock, imevunjwavunjwa. Yaani hadithi yetu yote wameifuta. Nikaandika maoni yangu katika kundi letu la WhatsApp. Mmoja akaniunga mkono kwa matusi, wa pili akasema filamu hizi zinaishinda ya kale, wa tatu akajitoa kundini, na sasa tukikutana barazani tunasalimiana kwa shida. Zamani hatukuwahi kugombana. Binti yangu ananiuliza, 'Baba, mbona umeghadhibika kana kwamba umeibiwa?' Nimesoma pia kwamba wanaozipinga filamu hizi ni wazee wasiotaka wanawake na watu weusi wapewe nafasi, na mimi si hivyo. Je, nina tatizo? Mjomba angekuwa hai angesema nini? Na je, nimlazimishe binti yangu aanze na ya kale kabla hajazungumza nami?"*

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Barua yako imesuka maswali matatu katika moja, nami naona heri niyafumue kabla ya kuyajibu. La kwanza ni kama filamu mpya imeidhulumu hadithi ya kale. La pili ni kwa nini watu waliokipenda kitu kimoja kwa miaka mingi wakosane kwa sababu ya kitu hicho hicho. La tatu ni ufanye nini nyumbani na barazani. Kazi yangu ni saikolojia, na kwa muda mrefu nimeshughulika na namna watu wanavyozipokea hadithi za sinema na televisheni, kwa hiyo sikuona ajabu kuletewa swali la vyombo vya angani kutoka Langoni. Katika uliyoyaandika sioni dalili ya ugonjwa, ingawa lipo jambo moja ambalo nitalitaja baadaye. Ninachokiona ni hasira ya kweli iliyojengwa juu ya mambo ambayo baadhi yake ni sahihi na baadhi si sahihi, na itakuwia vigumu kupatana na wenzako kabla ya kuyatenga.

Tuanze na hilo la kufutwa, kwa sababu ndilo zito kuliko yote na ndilo lisilo kweli. Walioiandika filamu ya 2009 walijua kwamba watu kama wewe watauliza hadithi ya kale imekwenda wapi, wakaliweka jibu ndani ya kisa chenyewe. Nero, wa jamii ya Waromulan, anatoka mwaka 2387, anapita katika shimo jeusi na kutokea mwaka 2233, anakishambulia chombo kiitwacho Kelvin, na George Kirk anakufa siku ile ile anayozaliwa mwanawe James. Kuanzia hapo wakati unagawanyika mikondo miwili. Vulcan inaangamizwa mwaka 2258 katika mkondo wa pili. Mkondo wa kwanza, wenye Kirk uliyemjua kwa mjomba wako, haukuguswa. Uhura mwenyewe ndiye anayelitamka ndani ya filamu, kwamba huu ni uhalisia mwingine, na Spock mzee, anayeigizwa na Leonard Nimoy yule yule wa mwaka 1966, anatokea akiwa na kumbukumbu zote za maisha yake ya awali. Unaweza kusema kwamba hiyo ni hila ya waandishi, nami nitakubali. Lakini ni hila iliyowagharimu, kwa maana ingekuwa rahisi zaidi kwao kuanza na ukurasa mtupu na kumwacha Nimoy nyumbani kwake.

Kumbuka pia hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Filamu ya Star Trek iliyotoka mwaka 2002 ilipata takriban dola milioni 67 duniani kote, na mfululizo wa televisheni uliokuwa ukiendelea ukakatishwa mwaka 2005, ikawa mara ya kwanza tangu 1987 kutokuwepo mfululizo mpya hata mmoja hewani. Studio ilibaki na jina kubwa lisilouza. Ikampa kazi J.J. Abrams, mwongozaji ambaye amesema hadharani kwamba utotoni hakuwa mpenzi wa Star Trek, na filamu yake ikapata takriban dola milioni 385. Fedha si ushahidi wa ubora, na sitaki kukudanganya kwa hesabu za studio. Nataka uone tu kwamba mwaka 2009 hapakuwa na mtu aliyekuwa akichagua baina ya Kirk wako na Kirk mpya, kwa kuwa aliyeigiza Kirk wako, William Shatner, alikuwa amekwisha kufikia umri wa miaka 78.

Umesema kwamba zamani hamkuwahi kugombana. Nyinyi wanne huenda ni kweli, maana mlikuwa na kanda zile zile, mashine moja na mjomba mmoja aliyeamua nini kitazamwe usiku huo. Wapenzi wa Star Trek kwa jumla hawajapata kukaa miaka kumi bila mzozo. Kabla filamu ya pili ya waigizaji wa kale haijatoka mwaka 1982, habari zilivuja kwamba Spock angekufa, na barua za hasira zikamiminika. Mwongozaji Nicholas Meyer akamuua Spock kwa mchezo katika dakika za mwanzo, ndani ya zoezi la mafunzo, ili watazamaji wadhani uvumi umekwisha pale, kisha akamuua kweli mwishoni. Mwaka 1987 ulipoanza mfululizo mpya wenye nahodha mwenye upara aliyeigizwa na Patrick Stewart, Mwingereza, wengi walisema haiwezekani kuwa na Star Trek bila Kirk na Spock, na hata baadhi ya waigizaji wa kale walionyesha mashaka yao waziwazi. Mfululizo huo ulidumu misimu saba hadi mwaka 1994, na leo wapo wanaoulilia kama unavyoulilia wako. Ukirudi nyuma zaidi utakuta kwamba kipindi cha kwanza kabisa cha majaribio, kilichokataliwa na kituo cha NBC mwaka 1965, kilikuwa na nahodha mwingine aitwaye Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter. NBC wakaomba jaribio la pili, na hapo ndipo Kirk alipoingia. Katika wahusika wa jaribio la kwanza aliyebaki ni Spock pekee. Kwa maneno mengine, Kirk huyo unayemtetea aliingia katika hadithi hii kama mbadala.

Sasa tuyatazame machozi ya Spock, kwa sababu hapa kumbukumbu yako imekufanyia jambo ambalo kumbukumbu humfanyia kila mtu. Katika jaribio lile la kwanza Spock anatabasamu waziwazi mbele ya mimea inayotoa sauti. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1966, watu wa chombo wanaambukizwa maradhi yanayowaondolea uwezo wa kujizuia, na Spock anajifungia peke yake na kulia kwa sababu hakuwahi kumwambia mama yake kwamba anampenda. Mwaka 1967 anaangukia katika mapenzi kwa muda chini ya athari ya mimea ya sayari ya kigeni, na mwaka huo huo anamshika Kirk mabega yote mawili na kucheka kwa furaha anapogundua kwamba rafiki yake, aliyedhani amemuua kwa mkono wake, yu hai. Nimoy alimwigiza Spock kama mtu mwenye hisia nzito anayezizuia, na kila mara kizuizi hicho kilipopasuka ndipo tulipomfahamu zaidi. Spock wa 2009, aliyeigizwa na Zachary Quinto, anashuhudia mama yake akifa na sayari yake ikimezwa katika siku moja. Asingeonyesha lolote ndipo ungekuwa na haki ya kulalamika.

Kwa nini basi kumbukumbu yako ilimkausha Spock machozi? Kwa sehemu ni kwa sababu tukimkumbuka mtu kwa miaka mingi tunabaki na muhtasari wake, na muhtasari wa Spock ni nyusi zilizoinuka na sauti tulivu. Sehemu kubwa zaidi inahusu umri. Wachunguzi wa kumbukumbu wameona kwamba watu waliopita miaka 40, wakiombwa kueleza maisha yao, huleta kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata baina ya takriban miaka 10 na miaka 30. Nyimbo za miaka hiyo, vitabu vyake, timu zake za mpira na harufu zake hukaa mahali pa juu kuliko vilivyokuja kabla au baada, kwa kuwa ndio wakati mtu anapojijua yeye ni nani. Juu ya hapo kuna mazoea. Mwaka 1968 Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na alama zilizofanana na herufi za Kichina, baadhi mara chache na baadhi mara nyingi, akakuta kwamba kile kilichoonekana mara nyingi kilipendwa zaidi ingawa watu hawakujua maana yake. Wewe ulizitazama kanda za mjomba wako mpaka sauti ya milango ya chombo ikawa sehemu ya nyumba. Filamu mpya umeitazama mara moja, tena ukiwa umekunja uso. Mashindano hayo hayakuwa ya haki, ingawa hayo hayathibitishi kwamba filamu mpya ni bora.

Binti yako aliuliza swali zuri pengine bila kukusudia. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Mtazamaji mpya anapoiona filamu ya 2009 anahesabu alichopata, yaani saa mbili za mbio, vichekesho na waigizaji hodari. Wewe unahesabu kilichopungua. Nyote wawili mmetazama picha zile zile kwenye skrini na nyote mnasema kweli. Tena kilichopungua kwako si kitu kikavu, kwa sababu tangu mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walikwisha kueleza namna watazamaji wa televisheni wanavyojenga na watu wa kwenye skrini uhusiano unaofanana na urafiki, ingawa upande wa pili haujui kwamba wao wapo. Kirk, Spock na McCoy wamekaa nawe tangu ujana. Kumwona mtu mwingine akijiita Kirk kunagusa mahali pale pale panapoguswa na mgeni anayekaa katika kiti cha mtu wako.

Liko jambo jingine ambalo wapenzi wa hadithi hizi hawapendi kulisikia, lakini nitalisema kwa sababu nadhani ndilo lililokuvunjia kundi. Kuijua Star Trek katika Lamu ya ujana wenu kulikuwa ni cheo kidogo. Wenzenu walizungumza mpira na filamu za Kihindi. Nyinyi wanne mlikuwa na ulimwengu wenu, wenye maneno yake na utani wake, na aliyetaka kuingia alilazimika kupitia kwenu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba hata kundi lililoundwa kwa sababu isiyo na uzito wowote hutosha kumfanya mtu awapendelee walio ndani na kuwabana walio nje, na kundi lenu lina sababu nzito na miaka mingi. Filamu ya 2009 ilitengenezwa makusudi ili mtu asiyejua lolote aingie moja kwa moja. Binti yako ameingia bila kupita kwa mtu. Na rafiki yako aliyesema filamu mpya inaishinda ya kale, masikioni mwako hakutoa maoni ya sinema. Alisikika kama mtu wa ndani aliyehama. Ndiyo sababu mabishano ya wapenzi huwa makali kuliko mabishano ya wapenzi na wasiojali. Mtu wa mtaani akikwambia kwamba Star Trek ni upuuzi utacheka na kumwagizia kahawa.

Baada ya kukukosoa hivyo, niseme pale ulipo na haki, na si padogo. Kirk wa kale hakuwa mhuni katika ujana wake. Katika jaribio la pili, lililorushwa mwaka 1966, rafiki yake wa chuoni anamkumbuka kama mtu mzito aliyezama vitabuni, ambaye wanafunzi waliingia darasani mwake kwa hofu. Filamu mpya inaeleza kwamba Kirk wake amekuwa vile kwa kukua bila baba, na maelezo hayo yanaingia akilini, lakini yule msomi ametoweka na nafasi yake imechukuliwa na kijana mgomvi wa baa, kisha kijana huyo anapandishwa kutoka uanafunzi hadi unahodha kwa kasi ambayo jeshi lolote la majini lingeicheka. Mjomba wako, kwa kuwa alikuwa baharia, nadhani angelikasirikia hilo kabla ya jingine lolote.

Filamu ya pili kati ya hizi mpya, ya mwaka 2013, ndiyo iliyotenda kosa ambalo hata mimi sioni cha kulitetea. Khan Noonien Singh, adui wa Kirk, katika hadithi ya 1967 na filamu ya 1982, ni mtu mwenye asili ya Kihindi, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán wa Mexico. Filamu mpya ilimpa nafasi hiyo Benedict Cumberbatch, Mwingereza mweupe, watengenezaji wakakanusha kwa miezi kwamba anaigiza Khan, na mwisho wakachukua kifo cha Spock cha 1982, wakawabadilisha waliomo, wakakirudia karibu neno kwa neno, kisha wakakitengua kabla filamu haijaisha. Abrams mwenyewe alisema baadaye kwamba ingekuwa heri kutowaficha watu. Filamu hiyo ilipata fedha nyingi kuliko ya 2009 na wahakiki wengi waliisifu, lakini wapenzi waliokutana Las Vegas mwezi Agosti 2013 waliiweka mwisho kabisa katika orodha ya filamu zote za Star Trek. Mlango wa sinema na moyo wa mpenzi havipimi kitu kimoja, na hapo nasimama upande wako.

Tofauti ya filamu hizi mbili mpya naweza kukueleza kwa kitu kinachojulikana vizuri visiwani kwenu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyachukua mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo na kuyafanyia takhmisi, aliiweka mistari mitatu yake mbele ya maneno ya Liyongo, akavifuata vina vya mwenyewe, na kila ubeti ukafunga kwa maneno ya kale yalivyokuwa, hayakupunguzwa. Msomaji anapata washairi wawili katika ubeti mmoja na anajua yupi ni yupi. Mwaka 1913 Muhammad Kijuma wa Lamu akakirudia kisa cha Liyongo kwa njia yake, kama utendi, na hakuna aliyedai kwamba Liyongo amefutwa kwa kuwa mwingine amemsimulia. Filamu ya 2009, pamoja na dosari zake, inakaribia takhmisi: Nimoy yumo ndani yake, yuko mzima, na ya mbele yanajengwa kumfikia yeye. Ile ya 2013 ilichukua mstari wa mwisho wa mwenzake ikauvaa kama wake. Ukiwa na kipimo hicho utaweza kumwambia rafiki yako kwa nini moja inakuuma kuliko nyingine, na huo utakuwa mjadala ulio bora kuliko "wameharibu".

Kuhusu tuhuma kwamba wapinzani wote ni watu wa chuki, nitakujibu bila kuzunguka. Chuki ipo. Kelly Marie Tran, mwigizaji wa Kimarekani mwenye asili ya Vietnam aliyeingia katika Star Wars mwaka 2017, alitukanwa hata akafuta picha na maneno yake yote kwenye ukurasa wake wa Instagram mwaka 2018. Lakini kumtia kila mwenye malalamiko katika kapu hilo ni uvivu, na studio nazo hunufaika na uvivu huo kwa sababu unawaepusha na swali la kama hadithi iliandikwa vizuri. Mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa kujiuliza kama lalamiko lake lingebaki pale pale iwapo mhusika angebadilishwa jinsia au rangi. Lako kuhusu Kirk linabaki. Lalamiko lako kuhusu busu la Spock na Uhura litazame tena kwa utulivu, kwa kuwa Uhura wa kale alikuwa mwanamke Mwafrika aliyepewa kiti cha heshima na maneno machache ya kusema. Nichelle Nichols alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na alieleza mara nyingi kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kiumbe kilichojigeuza mtu kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili, na nadhani mlikirudisha nyuma kipande hicho mara kadhaa pale kwa mjomba. Filamu mpya imempa Uhura, aliyeigizwa na Zoe Saldaña, elimu ya lugha inayoonekana ikifanya kazi, na jina la kwanza, Nyota, ambalo halikuwahi kutamkwa kwenye skrini kabla ya hapo. Unaweza kulipinga penzi lake na Spock na bado ukakiri kwamba hayo ni nyongeza.

Mfano unaonipa matumaini unatoka katika hadithi nyingine ya angani, Battlestar Galactica ya mwaka 1978. Ilipoanzwa upya mwaka 2003 na Ronald D. Moore, rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume mcheza kamari, akawa mwanamke aliyeigizwa na Katee Sackhoff. Dirk Benedict, Starbuck wa kwanza, aliandika makala ya kuilaani. Richard Hatch, aliyeigiza Apollo katika ile ya kale, alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuchukia, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa amepigania ile ya kale iendelezwe na hata kutengeneza kwa fedha zake filamu fupi ya kuonyesha namna inavyoweza kurudi. Alipinga mwanzoni. Kisha akakubali kuigiza humo mtu mwingine kabisa, mwanasiasa mkorofi aitwaye Tom Zarek, na akawa mmoja wa wahusika wanaokumbukwa. Hakusema kwamba ya kale ilikuwa mbaya, wala hakurudisha maneno yake kuhusu alichokitaka. Mfululizo ule mpya ulidumu hadi 2009 na wengi walioupinga waliishia kuutazama wote. Lakini usilichukue hilo kama ahadi. Wapo ambao mpaka leo hawautaki, na maisha yao hayajapungua kitu.

Ndiyo maana sitakwambia uzipende filamu hizi. Njia ya kwanza iliyo mbele yako ni kuziacha kabisa na kubaki na vipindi vyako 79, na hiyo ni njia halali isiyohitaji kutangazwa kundini. Njia ya pili ni kuirudia filamu ya 2009 peke yake baada ya miezi michache, hasira ikishapoa, bila kulinganisha, kisha uhukumu. Njia ya tatu ni kuitazama pamoja na binti yako na kubadilishana, na hii ndiyo ninayoipendelea, ila kwa sharti moja: usimlazimishe kuanza na ya kale. Ukimpa misimu mitatu kama mtihani wa kuingilia, utamfundisha kwamba mapenzi yako ni mzigo, tena msimu wa tatu ulipunguziwa fedha na unaonekana hivyo. Mchagulie vipindi viwili vya 1967, kile ambacho Khan anaokotwa akiwa amelala angani na kile ambacho Kirk analazimika kumwacha mwanamke anayempenda afe ili historia isiharibike, kisha mtazame filamu ya 1982. Baada ya hapo mrejee ile ya 2013 pamoja. Nina hakika atakuwa mkali dhidi yake kuliko wewe, na mtakuwa mmekasirika upande mmoja. Naye akikuonyesha filamu ya tatu, ya mwaka 2016, ipe nafasi; haikupata fedha kama zilizotangulia, lakini wapenzi wengi wa kale waliona kwamba Kirk, Spock na McCoy humo wanazungumza kama watu tunaowajua.

Kwa rafiki zako, usiandike tena lolote kundini kuhusu jambo hili. Maandishi hayana uso, na mtu aliyesoma "wameharibu kila kitu" saa tano za usiku huisikia sauti kali kuliko uliyokusudia. Aliyejitoa mwendee nyumbani kwake baada ya sala ya Alasiri, kaa naye, mwulizie watoto na afya, na filamu isitajwe mpaka aitaje yeye. Aliyeipenda mwombe akueleze sehemu moja iliyomgusa, kisha umsikilize mpaka amalize. Aliyekuunga mkono kwa matusi ndiye mgumu zaidi, maana yuko upande wako. Inakubidi umwambie, mkiwa wawili tu, kwamba hukuyapenda matusi yale. Salamu za barazani zitarudi kwanza na maoni ya sinema huenda yasikutane kamwe, na hilo halina ubaya.

Limebaki lile jambo nililosema nitalitaja. Umekosa usingizi, na katika barua fupi umemtaja mjomba tena na tena, mwisho ukauliza yeye angesema nini. Siwezi kumjua mtu kwa barua, lakini katika filamu ya 2009 Spock kijana anazungumza na Spock mzee, na Nimoy mwenyewe alifariki Februari 2015. Kwa mtu aliyejifunza hadithi hii miguuni pa mjomba ambaye hayupo tena, picha hiyo inaweza kufungua msiba ambao haukupata nafasi yake. Ikiwa usiku mmoja au miwili ndiyo iliyokupotea, haina shaka. Ikiwa majuma mawili yamepita na bado hulali, unawakaripia walio nyumbani kwa mambo madogo, kazi na chakula havina ladha, au unajiona ukikwepa watu, usiridhike na maandishi yangu wala ya mtu mwingine wa mbali. Nenda hospitali ya kaunti uombe kuonana na mshauri nasaha au mhudumu wa afya ya akili, na kama kuanza huko ni kuzito, anza na mzee wa familia au imamu unayemwamini akusindikize. Ukifika, mweleze habari za mjomba kwanza, na za Star Trek baadaye.